Kamati ya Kasuku Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Nimeamka mapema kuliko siku za kazi! Nimeingia bandani kabla ya chai, kalamu sikioni, daftari mkononi. Mahudhurio: wajumbe sita kati ya sita. Mayai: hakuna. Vifaranga: hakuna. Mengineyo: Mweka Hazina amenidondoshea kitu begani.

Niandike kwa mpangilio. Miaka kumi na tisa ya ukarani wa masjala imenifundisha kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Banda la ndege nimelijenga mwenyewe, uani: nguzo sita, paa la bati, wavu wa waya pande zote, milango miwili. Mlango wa nje unakuingiza kwenye kijichumba, wa ndani unakuingiza kwa ndege. Kanuni ni moja tu: usifungue wa pili kabla hujafunga wa kwanza. Humo wamo kasuku wadogo sita, niliowachagua mmoja mmoja kwa sura na haiba. Nimewapa vyeo: Mwenyekiti, Makamu, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wawili. Visanduku vya kutagia vipo vitatu. Vitupu.

Tatizo ni ua. Banda limekaa pale pale zilipokuwa kamba za mke wangu. Yeye anafua mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, na tangu kamba ziondoke anaanika kwenye viti, kwenye ngazi, kwenye majani. Kunguru nao wanampitia juu. Hakugomba. Alileta karatasi tukaandikiana: ndani ya siku thelathini banda litoe kifaranga. Lisipotoa, ndege waondoke, kamba zirudi. Nikasaini kwa mbwembwe zote, nikasikitika tu kwamba nyumbani hatuna muhuri.

Siku ya thelathini ni Jumapili hii.

Jirani yetu Fundi Cherehani naye anafuga kasuku wadogo, kwenye banda la mbao za vitanda vibovu. Haliko wima hata kidogo. Vifaranga wamejaa humo mpaka wanakaliana! Leo amechungulia juu ya ukuta, futi yake shingoni, akauliza kama ningependa ushauri kidogo. Hii ni mara ya tatu. Nimemjibu kwamba nina utaratibu wangu. Akarudi kwenye cherehani yake, akanyonga pedeli kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua kiini cha tatizo. Faragha!

Hebu fikiria. Unataka kuanza familia, na kila ukigeuka kuna karani anakuhesabu. Hata mimi ningeshindwa. Basi mke wangu alipotoka kwenda kuchukua mashuka, nimeshusha mapazia ya sebuleni, yale mazito ya maua, nikalizungushia banda lote. Ndani nimeweka redio, nyimbo za mapenzi, sauti ya chini. Nikakaa nje kusubiri matokeo.

Matokeo: kimya. Nikafurahi. Saa nne nikachungulia kwa adabu. Giza tororo, na wajumbe wote sita wamelala fofofo. Wamedhani jua limezama. Mjumbe wa Pili alikuwa anakoroma, kama kasuku wanakoroma.

Mchana nikakaa sebuleni kula. Sikukumbuka kwamba dirisha linatazama barabarani na sasa liko wazi kabisa. Mpita njia wa kwanza akanitazama kijiko kikiwa mdomoni. Ningefanyaje? Nikamwambia karibu. Akaingia! Alikuwa fundi bomba. Nyuma yake wakaja wengine wawili, nao wamekaribishwa na macho yangu tu. Mke wangu amerudi akakuta wanaume watatu asiowajua wanalamba vidole, sufuria nyeupe pe, madirisha uchi. Aliwasalimu vizuri. Kisha akaniuliza kama kesho nitachukua na kitanda.

Nikamwambia kitanda hakipiti kwenye ule mlango. Nilikwisha kupima.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya uvumbuzi! Nimeona kwamba ninapoteza muda mwingi kufunga na kufungua ile milango miwili. Kamba moja, roda moja, tofali moja. Ukipita tu, tofali linashuka, mlango unajifunga, komeo linaanguka lenyewe. Nimefanya jaribio nikiwa nje mara tatu. Safi kabisa. Nikafanya jaribio nikiwa ndani mara moja.

Komeo liko upande wa nje.

Nilijikaza. Nilijaribu kulifikia kwa kijiti cha kutulia ndege, kijiti kikavunjika. Nikajaribu kwa mpini wa ufagio, ukaangukia nje. Nikakaa juu ya ndoo ya ulezi nikiwaza. Katibu akaja akatua kichwani kwangu, akaanza kukagua nywele zangu.

Hapo ndipo alipoingia uani mama mkwe.

Amekuja kumwona binti yake kwa siku chache, mzigo wake mkononi, kanga imefungwa vizuri. Nikasimama upesi. Nikamwamkia shikamoo kupitia kwenye wavu, nimeinama kwa heshima, Katibu amening'inia sikioni. Akaitikia marahaba. Akaniuliza habari za kazi. Jamani! Mwanamume anaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba amejifungia na ndege? Nikasema nipo kwenye kikao.

Akasema haya. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya wavu. Saa mbili nzima! Akanipa habari za ukoo wote, nani kaolewa, nani kaugua, nani kapona na sasa anajidai. Akamenya chungwa, akanipitishia vipande kwenye kidirisha cha chakula, kimoja kimoja. Mwenyekiti akala vitatu. Akaniuliza kama humu ndani wananiletea maji. Nikamwambia yapo. Akatikisa kichwa, ameridhika.

Mke wangu aliporudi, nilimsikia mama yake akimwambia kwa sauti ya chini kwamba mkwe ametulia sana siku hizi, si kama mwaka jana. Mke wangu akaja akainua komeo kwa kidole kimoja. Tofali nimelitoa. Milango inabaki na ndoano za kawaida.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimekaa chini.

Asubuhi nilipanda ngazi kuchungulia banda la Fundi Cherehani. Si upelelezi, ni utafiti. Akanikuta. Badala ya kukasirika akanikaribisha, akamtoa ndege mmoja akanionyesha juu ya mdomo, pale kwenye matundu ya pua. Akasema dume pale pana rangi ya samawati. Jike pana rangi ya kahawia. Basi, ndiyo elimu yote. Akasema hayo taratibu, kama mtu anayemwambia mteja kwamba suruali imempita kimo.

Nikaruka ukuta. Nikaingia bandani. Mwenyekiti: samawati. Makamu: samawati. Katibu, samawati. Sikuwa na haja ya kuendelea lakini niliendelea. Samawati tupu! Madume sita! Na ndio niliowachagua kwa haiba ya pua zao.

Nilirudi kumuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu mara tatu, nikamjibu nina utaratibu wangu, akadhani huo ndio utaratibu. Akasema yeye ana majike saba na madume wawili tu, niwalete wajumbe kwake, wataishi vizuri. Nikakataa katakata. Nikamwomba basi jike mmoja wa kuazima mpaka Jumapili. Akakuna kichwa. Akasema mayai yanaatamiwa siku kumi na nane, hata jike akianza kutaga mchana huu huu.

Siku kumi na nane. Mimi nina tatu.

Nilimweleza mke wangu habari za madume, lakini hesabu ya siku nikaimeza. Alikuwa anakamua shuka. Akasema kamati ya wanaume sita, vikao kila siku, mwezi mzima, na hakuna kilichotoka. Akasema kwamba yeye wala hakushangaa. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Wacheke. Mchana nimekwenda duka la vyakula vya kuku na kurudi na kiboksi chenye matundu. Ndani yumo kifaranga wa kuku, wa siku mbili, mwenye afya nzuri. Mke wangu ni bingwa wa mashuka, si wa ndege. Nitasema Makamu alikuwa jike muda wote, aliandikishwa vibaya. Makosa ya masjala hutokea.

Kikwazo ni kimoja. Kifaranga ni wa manjano, na Makamu ana manyoya ya buluu. Lakini rafuni juu ya sinki kuna pakiti ya buluu ya kufulia, ile inayong'arisha mashuka meupe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Maelekezo kwenye pakiti yanasema nusu kijiko kwa ndoo nzima. Nimetumia pakiti nzima kwa bakuli moja, ili nisirudie. Kifaranga alitoka wa buluu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Mimi nilitoka wa buluu mpaka viwikoni. Nilimkausha kwa fulana yangu. Nayo ni ya buluu sasa.

Nikamweka kwenye kisanduku cha kutagia. Kamati nzima ikapanda kijiti cha juu kabisa, ikajibana kwenye wavu, ikimkodolea macho. Kifaranga akaruka chini. Akala ulezi wa watu sita. Akampiga Mwenyekiti jicho moja tu, na Mwenyekiti akatazama pembeni. Kisha akaingia kwenye kibakuli cha maji akaoga vizuri, akatoka anachuruzika.

Nikasema sasa nikamwite mke wangu aje ashuhudie. Furaha ilinizidi. Nikafungua mlango wa ndani, nikafungua na wa nje.

Yote miwili! Mimi! Niliyeiandika ile kanuni kwa herufi kubwa na kuitundika!

Kifaranga akapita katikati ya miguu yangu. Na huko nje, kwenye majani, mke wangu alikuwa ameanika mashuka ishirini na nne ya nyumba ya wageni, meupe, mabichi, yamenyooshwa bega kwa bega mpaka ukutani. Kifaranga akaanza la kwanza. Akapita la pili. Hakuruka hata moja! Nyayo ndogo za buluu, nadhifu, mstari mmoja. Mimi nyuma yake, kiatu changu nacho kimekanyaga bakuli la buluu, nikamkimbiza mashuka kumi. Nikaona nitayaokoa yaliyobaki. Nikayanyanyua kwa mikono yangu, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Mikono ya buluu. Baadaye nimehesabu: kifaranga aliharibu kidogo kuliko mimi.

Nyuma yangu nikasikia mabawa. Kamati ilipita juu ya kichwa changu, Mwenyekiti mbele. Nikawaita kwa vyeo vyao. Hakuna aliyegeuka. Wakatua kwenye banda la Fundi Cherehani, majike saba wakaanza makelele ndani, naye Fundi akafungua kimlango chake, akasimama kando kama bawabu. Wakaingia mmoja mmoja. Wamehama chama, wote sita, mchana kweupe.

Mke wangu akatoka. Nilijiandaa kusikia matusi. Akaligeuza beseni chini juu, akalikalia. Akasema mashuka hayo yanatakiwa kesho saa kumi, kuna wageni wa semina. Akasema msimamizi wa nyumba ya wageni amekwisha kumwonya kwa sababu ya kinyesi cha kunguru, na likitokea jingine kazi anampa mtu mwingine. Sikulijua hilo la onyo. Kisha akasema, wala hakuniangalia, kwamba mwaka jana waliponiruka cheo kazini nilikaa miezi mitano siongei ndani ya nyumba, na kwamba ndege walipokuja kwenye kitundu, kabla ya banda, alinisikia nikicheka nao peke yangu, ndiyo maana aliziondoa kamba zake mwenyewe.

Nilidhani nilikuwa nimemshinda kwa hoja. Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo: aibu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimefua tangu jua linachomoza. Maji mara saba kila shuka. Mama mkwe alisimamia, kifaranga wa buluu miguuni pake. Ameshamchukua, anamwita mjukuu. Kila nilipodhani shuka limetakata, alilinyanyua kwenye mwanga, akanirudishia. Mikono yangu imekunjamana mpaka sikuweza kushika kikombe.

Kufikia saa tano mashuka ishirini na moja yalikuwa safi. Matatu yaligoma. Yale matatu yana viganja vyangu vizima, vidole vyote kumi, hata mchoro wa kidole gumba unasomeka.

Saa tano na robo ikaanza kunyesha. Si manyunyu. Mvua!

Tulisimama mlangoni, mashuka mabichi mikononi, mimi na mke wangu na mama yake, hatuna pa kuyatundika. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Nilimtazama mke wangu usoni nikaona kazi yake inakwenda na maji. Yeye alikuwa anatazama banda. Paa la bati, kavu. Wavu pande zote, upepo unapita. Nguzo sita. Kunguru hapiti, hata akiomba.

Wazo lilikuwa lake. Lakini wavu ni wangu, hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu.

Tumesugua sakafu, tumevuta kamba nguzo kwa nguzo. Fundi Cherehani alituona, akaja na pasi yake kubwa bila kuitwa. Yale matatu yaliyogoma akayakata akayageuza foronya, viganja akavificha kwenye mikunjo. Nilitaka kumwambia asante ikanikwama, nikamshikia waya wa pasi tu. Alielewa, nadhani. Tulipiga pasi mpaka chumba kikajaa mvuke.

Saa kumi kamili msimamizi akaingia na mwavuli. Akahesabu. Akakunja uso. Mke wangu akamweleza mwenyewe kwamba matatu yameharibika na atayalipia, na hizi foronya ni za kuombea radhi. Yule bwana akalinyanyua shuka la juu, akalipeleka dirishani, akaliangalia mbele na nyuma. Akauliza tumetumia nini, kwa sababu tangu aanze kazi hajapata kuona weupe wa namna hii.

Ile buluu! Pakiti nzima!

Mke wangu akasema ni mazoea tu ya mikono. Kazi imebaki. Alipoondoka yule bwana, mke wangu alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, mpaka mama mkwe akatwambia tunamtisha mjukuu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku ya thelathini. Mke wangu alileta ile karatasi mezani. Nikavaa shati safi. Mahudhurio bandani: sifuri kati ya sita.

Hakuisoma. Aliichana vipande viwili. Akasema banda litabaki, ni mahali pazuri pa kuanikia kuliko kamba zake za zamani, na kona ile ya karibu na kidirisha hatundiki kitu. Kona hiyo ni yangu. Niweke ndege wawili, wa kunichekesha tu. Hataki ahadi. Hataki vifaranga. Hataki karatasi nyingine yoyote katika nyumba hii.

Nimeguswa. Kweli nimeguswa. Nimemwambia kwamba nimemwelewa vizuri sana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimenunua! Muuza ndege aliniuliza ninataka wa aina gani. Nikamwambia mimi si mgeni wa mambo haya. Nikawakagua juani, mmoja baada ya mwingine, pua kwa pua, na lenzi ya kusomea niliyoazima masjala. Muuza ndege alitaka kusema kitu. Nikamnyamazisha kwa kidole. Nilikataa kumi na mmoja. Wawili niliowachukua wana kahawia safi, hakuna chembe ya samawati hata ukitafuta kwa tochi. Safari hii hakuna dume hata mmoja wa kunivurugia kazi!

Fundi Cherehani alichungulia juu ya ukuta nikiwaingiza. Akamtazama wa kwanza, wa pili, akafungua mdomo. Nikainua mkono: utaratibu wangu. Akateremka ukutani polepole, nikamsikia amekaa chini upande wa pili, anapigapiga ardhi. Wivu ni kitu kibaya sana.

Nimeandika mkataba mpya, kwa hiari yangu, na kuubandika mlangoni. Siku thelathini, kifaranga mmoja, sahihi yangu peke yangu. Wakishindwa ninapoteza kile kiti changu cha mikono cha sebuleni. Nimekiweka hicho kwa sababu hatari haipo kabisa. Mke wangu ameusoma wote, mpaka chini, akamwita mama yake.

Mama mkwe amekwisha kukikalia, na ameomba mto wa kuegemea.